Jando la wiki tatu: linamjenga mwanaume au linamfunga kijana kabla hajajijua?

Kuchele
Wakuu, salaam. Msimu unakaribia huku kusini na wazazi wameshaanza kuchangishana. Kila mwaka mjadala huu unaishia kwenye wembe na damu. Swali langu ni jingine: ile picha ya uanaume anayotoka nayo mtoto kumbini (halii, haombi msaada, yeye ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani) inamkuta na umri gani, na inamfanyia nini miaka kumi baadaye anapoanza kujitafuta?

Zamani aliyeingia likumbi, yaani kambi ya jando, alikuwa amebalehe au yu karibu. Alikaa miezi, akatoka, na baada ya muda si mrefu akapewa shamba na akaoa. Mafunzo yalikuta maisha yanayongoja. Leo Mtwara na Lindi wanapelekwa watoto wa miaka sita, saba, wiki tatu au nne za likizo ya Juni. Wanaimbishwa mambo ya unyumba wasiyo na pa kuyapeleka, kisha shule inafunguliwa na wanarudi kujifunza kusoma silabi.

Mwanasaikolojia Erik Erikson aliiweka kazi ya kujitambua kwenye ujana, kama miaka 12 hadi 18. Mwanasaikolojia mwingine, James Marcia, mwaka 1966 akaongeza maswali mawili: huyu kijana amewahi kutafuta mwenyewe? Na ameshika msimamo? Majibu yake yanatoa makundi manne: waliotafuta wakashika, wanaoendelea kutafuta, wasiotafuta wala kushika, na walioshika walichopewa bila kutafuta. Kundi hili la mwisho ndilo alilolikuta limeelemea zaidi kwenye kutii mamlaka. Hoja yangu ni kwamba jando la mtoto wa miaka sita linazalisha kundi hilo kwa makusudi. Anayepinga aje na sababu.

Mkoki wa Webuye
Ndugu Kuchele, shida yako ni umri wala si jando. Usituchanganye sote kwenye kapu moja. Kwetu Wabukusu, magharibi mwa Kenya, kijana hutangaza mwenyewe. Huvaa njuga, chinyimba, akapita kwa wajomba na shangazi kuwaalika, na njiani wakubwa humuuliza mbele ya watu kama yuko tayari kweli au anacheza. Anayesita hurudishwa. Tohara yenyewe ni Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Alfajiri hupakwa matope mtoni, husimama wima mbele ya kijiji kizima, na kope haipepesi. Baada ya hapo anapata rika lake miongoni mwa marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Rika hilo atakufa nalo. Huyo ametafuta na ameshika, kwa vigezo vyako mwenyewe vya Marcia.

Sasa hawa wanaopigwa ganzi hospitalini, mtu amelala chali anaangalia simu, wamethibitisha nini na kwa nani? Na wale wasiotahiri kabisa tusiwaingize kwenye mjadala wa uanaume. Omusinde, yaani asiyetahiriwa, ni mtoto hata akiwa na mvi.

Muuguzi_Zamu
Mkoki, ganzi unaisema kama kwamba ni peremende. Hebu tuiangalie inavyofanya kazi, maana maneno kama haya ndiyo yanayowafanya vijana waikatae mezani wakati mtoa huduma ameshavaa glavu.

Inatumika lignocaine ya asilimia 1 isiyo na adrenalini. Adrenalini inabana mishipa ya damu, na kwenye kiungo kile hakuna njia nyingine ya damu kupita. Kiwango cha juu ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kijana wa kilo 40 hazidi miligramu 120, yaani mililita 12. Ukizidisha, anaanza kusikia masikio yanavuma, ulimi unakufa ganzi, kisha degedege. Sindano inaingia karibu na shina, usawa wa saa 11 na saa 1 kwenye sura ya saa ya ukutani, halafu mduara kuzunguka. Unasubiri kama dakika tano, unajaribu kwa koleo, ukiona bado anahisi unasubiri tena. Mgonjwa akishtuka katikati ya kukata, mkono wa mkataji unakwenda pasipotakiwa. Ganzi inamlinda kijana na mkono wa mwenzake, na uanaume wake uko palepale.

Tohara ikiisha, kidonda kinaangaliwa baada ya saa 48 na siku ya saba. Wiki sita hakuna kujamiiana, hata kama kwa nje kinaonekana kimefunga. Hapo ndipo ujasiri unapohitajika, na hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Nsumba
Mkoki wa Webuye, umesema "ni mtoto hata akiwa na mvi". Umewaita watoto Wasukuma wa karne nzima, watu waliolima pamba iliyojaza maghala ya nchi hii. Tusikilizane.

Usukumani kwa asili hakukuwa na tohara. Kijana alihesabika kwa jembe na ng'ombe. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemchagua wao kwa wao. Yeye ndiye aliyepanga leo tunalima kwa nani, nani kaugua shamba lake lisaidiwe, nani hajaja na faini yake ni nini. Anayekula faini mara kwa mara alijulikana hafai kuoa. Baada ya mavuno ilikuja ngoma, vyama viwili, Bagika upande huu na Bagalu ule, na watu walishindana kwa siku kadhaa mbele ya maelfu. Hakuna aliyeuliza mwenzake ana nini ndani ya suruali.

Sasa niambie, kati ya kusimama bila kupepesa kope kwa dakika chache na kulima kwa zamu msimu mzima chini ya kiongozi wa rika lako, kipi kinamjenga mtu?

Ngalawa
Mambo ya kumbini hayaanikwi barazani. Mnaandika nyimbo, mnaandika umri, kesho mtaandika na vitendawili. Kuchele, wewe ni mtu wa huko na unajua mwiko. Siri yenyewe ni sehemu ya mafunzo: mtoto anajifunza kwamba kuna maneno yenye mahali pake.

Jaduong
Naunga mkono Nsumba, na ninaongeza zito zaidi. Hayo maneno ya "asiyetahiriwa ni mtoto" hayakubaki kuwa maneno. Mwanzoni mwa 2008, Nakuru na Naivasha, wanaume wa Kijaluo walikamatwa wakatahiriwa kwa nguvu, kwa panga na vipande vya chupa. Kesi ikafika The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Waathirika waliomba ihesabiwe kuwa ukatili wa kingono. Januari 2012 majaji walithibitisha mashtaka lakini wakakiweka kitendo hicho kwenye fungu la vitendo vingine vya kinyama, na baadaye mashtaka yenyewe yakaondolewa. Mtu anayecheza na neno omusinde ajue linatoka wapi na linakwenda wapi.

Wajaluo walikuwa na alama yao, kung'oa meno sita ya chini. Iliisha, na hakuna Mjaluo aliyerudi utotoni kwa sababu ana meno yote.

Mkoki wa Webuye
Jaduong, sikugusa 2008 na usiniwekee kinywani. Waliofanya unyama ule si Wabukusu. Nilisema kwa mila yetu. Kila nyumba ina mlango wake, na ndani ya mlango wangu asiyetahiriwa hakai na wazee. Wewe umekwepa swali: huyo wa hospitali, nani shahidi wake?

Muuguzi naye ameandika mililita na kilo lakini hajajibu. Maumivu yana kazi. Kijana anajua tangu akiwa na miaka minane kwamba siku ile itafika, anajiandaa miaka mitano, na siku inafika anaishinda. Kitu hicho hakiwekwi kwenye sindano.

Mtafiti_Mbeya
Kuchele, nirudi kwenye uzi wako kabla haujazama. Marcia aliwahoji wanafunzi 86 wa kiume wa chuo nchini Marekani, kuhusu kazi, dini na siasa. Kijana aliyefika chuo ana miaka minne ya kujaribu na kubadili mawazo huku akilishwa. Kijana wa Newala aliyemaliza darasa la saba hana nafasi hiyo. Kumwambia "hukutafuta" ni kumlaumu kwa kutokuwa na muda. Tena Marcia hakuuliza kabisa habari za uanaume. Kutoka "anatii mamlaka" hadi "atampiga mkewe" kuna safari ndefu ambayo hujaitembea.

Kama kweli unataka kujua jando linafanya nini, pima. Kuna kipimo cha mitazamo ya wanaume kuhusu usawa kilichotengenezwa Brazil na Pulerwitz na Barker, kikachapishwa 2008, kina kauli 24 na mtu anasema anakubali, anakubali kiasi au anakataa. Kinahitaji kazi kabla ya kutumika huku. Kwanza, kauli nyingi ni za watu wenye wapenzi. Mtoto wa miaka saba huwezi kumuuliza, kwa hiyo utamuuliza akiwa na 15 na tena 18, na utahitaji vijana wa kijiji hichohicho ambao hawakupita kumbini wa kulinganisha nao. Hao utawapata wapi Newala? Wengi watakuwa watoto wa wahamiaji, wana tofauti nyingine kumi. Pili, kijana aliyefundishwa kujibu wazee atakupa jibu la kujibu wazee. Anayehoji akiwa mzee wa kijiji utapata namba moja, akiwa binti wa chuo utapata nyingine. Tatu, uliza alichofanya mwezi uliopita pamoja na anachoamini. Nani alichota maji? Mara ya mwisho kuumwa ulikaa siku ngapi kabla ya kwenda zahanati? Bila hayo tunabishana na vivuli.

Kuchele
Asante Mtafiti, huu ndio mjadala niliouomba. Ila nijibu moja. Umasikini wa muda ndio hoja yangu hasa. Kwa kuwa nafasi ya kutafuta ni ndogo, tusimfungie mtoto mlango miaka sita kabla hajafika mlangoni. Hakuna anayezuia kumtahiri mapema. Mafunzo ya ndoa na mamlaka ndiyo yasubiri.

Muuguzi_Zamu
Mkoki amesema maumivu yana kazi, namjibu maumivu yanaua. Kwa Waxhosa, Afrika Kusini, huko Eastern Cape, kila msimu kuna vijana wanaokufa au kupoteza uume. Sababu zinajulikana. Bendeji inafungwa kwa kukazwa mno, damu haifiki, ngozi inageuka nyeusi na kuoza. Siku za mwanzo kijana ananyimwa maji eti asikojoe mara kwa mara, figo zinashindwa, na sumu ya kidonda inaingia kwenye damu. Anaona kiungo chake kinakufa na hasemi, kwa sababu kusema ni kushindwa. Kimya hicho ndicho kinachomuua. Kidonda chenyewe kilikuwa kinatibika siku ya pili.

Nchi ile ina sheria: tangu Sheria ya Watoto ya 2005, mvulana chini ya miaka 16 hatahiriwi isipokuwa kwa dini au sababu ya kitabibu, na mwaka 2021 ikatungwa nyingine ya kusajili kambi za jando. Vifo havijakoma, kwa sababu kambi za kificho hazijisajili.

Na huku kwetu, anayepaka majivu au kinyesi cha ng'ombe kwenye kidonda kibichi anapanda pepopunda kwa mkono wake. Dalili ya kwanza ni taya kukaza. Ukisubiri mgongo upinde, umechelewa.

Nsumba
Muuguzi, Mungu akubariki. Mkoki bado hajaomba radhi.

Bi Somo
Nimesoma kote, wanaume mnabishana nani ni mwanaume zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mafunzo hayo yanasema nini juu ya sisi tunaoletewa hao wahitimu.

Kaka Kuchele ameitaja kwa mabano, "neno la mwisho nyumbani", kisha akapita. Hapo ndipo penyewe. Mtoto wa kiume akitoka kumbini, katika nyumba nyingi haruhusiwi tena kukaa jikoni. Miaka saba, anaambiwa jikoni si mahali pake. Dada yake wa miaka tisa ndiye atakayemwekea maji ya kuoga. Hapo hakuna haja ya nyimbo wala vitendawili; kila jioni ya nyumba ile ni somo. Mtafiti ameuliza vizuri nani alichota maji.

Na la kutolia. Duniani wanaume wanajiua zaidi ya mara mbili ya wanawake, takwimu za miaka ya karibuni za Shirika la Afya Duniani ndizo hizo. Sisemi jando ndilo sababu, nchi nyingi zenye hali hiyo hazina jando. Nasema mtu aliyefundishwa kwamba kusema "naumwa" ni utoto, siku akiumwa moyo atamwambia nani? Somo wake alimwambia asimame wima, hakumwambia arudi kwake akishindwa. Kwetu kwenye unyago mwali ana somo wake maisha yote, anamrudia akiolewa, akizaa, akiachwa. Wavulana mnawapa mlezi wa wiki tatu.

Mkoki wa Webuye
Bi Somo, nakuheshimu, lakini hilo la mlezi wa wiki tatu si la kwetu. Bakoki, yaani waliotahiriwa pamoja, wanazikana. Na kuna khukhwalukha, siku ya kutoka, ambapo wazee wanamwambia kijana kinagaubaga kwamba mlango ukiwa umefungwa usiuvunje, mke wa mtu ni wa mtu, linda wanyonge.

Nsumba, siombi radhi kwa mila ya baba zangu.

Ngalawa
Bi Somo, na wewe tena unaanika ya unyago!

Mwalimu_Nyeri
Nataka kuwaonya wenzangu wa Tanzania mahali ambapo Kenya imefika. Kwetu Mlima Kenya kisu cha kijiji kiliisha zamani. Mvulana alikuwa anamaliza darasa la nane, miaka 13 au 14, Desemba anapelekwa hospitali, anatengwa wiki mbili hivi, Januari anaingia sekondari akiwa mtu mzima machoni pa nyumba. Mtihani wa darasa la nane ulifanyika mara ya mwisho 2023. Mtaala mpya unamhamisha akimaliza gredi ya sita, kwa hiyo wazazi wengi wamevuta tohara hadi miaka 11 na 12. Kalenda ya shule ndiyo imeamua umri wa uanaume. Si mwili, si akili, si wazee.

Kinachoharibika ni pale kwenye kutengwa. Baba yuko kazini, wazee hawapo, mvulana anaachwa chumbani na vijana wa miaka 18 waliotahiriwa juzi. Hao ndio walimu. Wanaleta sigara, pombe, vitisho, wanamdai pesa, wanamwambia mama yako sasa usimtii. Makanisa yaliona hilo yakaanzisha kambi: wavulana pamoja, daktari, mlezi mzima kwa kila kikundi, masomo ya mwili, pesa, dawa za kulevya, heshima kwa wasichana. Ni bora mara kumi. Lakini ziko kambi za kulipia ambazo mzazi akikosa ada mtoto wake anarudi kwa walewale wa chumbani.

Kwa hiyo Kuchele, usipigane na jando. Uliza nani amekaa na mtoto usiku wa tatu, kidonda kinapouma kuliko vyote na masikio yako wazi. Atakachoambiwa usiku ule ndicho atakachoamini kuwa ni uanaume.

Mtafiti_Mbeya
Mwalimu ameweka kidole penyewe. Na hapo namjibu Mkoki bila kumtukana. Wanasaikolojia Vandello na Bosson na wenzao walionyesha mwaka 2008, huko Marekani, kwamba watu wanauona uanaume kuwa kitu cha kuchumwa na kinachoweza kupotea, tofauti na uanamke. Mwanaume akitiliwa shaka hadharani, wasiwasi unapanda na anaelekea kwenye ukali. Rika la Kibukusu, kama linavyoelezwa hapa, lilimaliza shaka hiyo: mashahidi wapo, jina la rika lipo, hakuna wa kukuuliza tena. Tatizo ni anayepata kisu bila mashahidi, au mashahidi bila kazi ya kufanya baadaye. Huyo atathibitisha kila Ijumaa baa.

Ndiyo maana nsumba ntale na khukhwalukha haviko mbali sana hivyo kama mnavyogombana.

Jaduong
Kisumu wanaume walitahiriwa kwa wingi kuanzia 2008 na hakuna aliyeambiwa amekuwa mwanaume. Waliambiwa ukweli wa kitabibu: majaribio matatu, Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu na Rakai (Uganda), yalionyesha hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke inapungua kwa kama asilimia 60. Raila mwenyewe aliunga mkono hadharani. Watu walikwenda kama wanavyokwenda kuchanjwa, wakarudi Wajaluo. Afya ikae upande wake na heshima upande wake.

Mzazi_Tandahimba
Wakuu, samahani kuingilia. Mwanangu ana miaka 12, babu zake wanataka aende Juni hii. Nimesoma yote hapa. Naweza kumpeleka hospitali kisha aende kambini kusikiliza tu?

Muuguzi_Zamu
Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Ila programu za bure zilizofadhiliwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, tangu 2020 zililenga miaka 15 na kuendelea, kwa sababu madhara makubwa, kutoboka njia ya mkojo na kujeruhiwa ncha ya uume, yalijitokeza zaidi kwa wa miaka 10 hadi 14. Kwa hiyo uliza hospitali ya wilaya kama wana mtu aliyezoea umri huo na atatumia njia gani. Njia ya kubana kwa koleo kisha kukata mbele yake haifai chini ya miaka 15. Ulizia ile ya kupasua kwanza upande wa juu, mkataji anaiona ncha muda wote. Thibitisha chanjo ya pepopunda mapema, si siku ileile. Kama familia ina historia ya damu kutoganda, sema kabla.

Kisha mpe siku saba nyumbani, ukaguzi wa siku ya pili na ya saba ukamilike, ndipo aende kambini. Mwambie mlezi wake mbele ya mtoto: akivimba, akitoa usaha, akishindwa kukojoa au damu ikiloanisha bendeji, analetwa saa hiyohiyo hata usiku. Lisemwe mbele ya mtoto, ili ajue kulalamika ameruhusiwa na baba yake.

Ngalawa
Asiyekatwa kumbini hali chakula cha kumbini. Babu zake watakwambia.

Kuchele
Mzee Ngalawa, mwaka jana na juzi wapo waliokatwa zahanati wakapokelewa, na midimu, wale wachezaji wa vinyago, ikawachezea siku ya kutoka kama wengine. Mzazi, zungumza na manyakanga, wakuu wa jando, kabla ya mwisho wa Mei, wakishawapanga watoto wa kumbini hawabadilishi. Na muulize pia nani analala na watoto.

Nsumba
Mkoki, nimekusubiri tangu asubuhi. Khukhwalukha yenu inasema linda wanyonge. Mvulana wa Kisukuma anayesoma bweni moja na wanenu, akiitwa omusinde kila jioni, analindwa na nani?

Mkoki wa Webuye
Huyo analindwa na mwalimu wa zamu, na mwanangu akimwita hivyo bwenini nitamwadhibu mimi. Lakini kikao cha wazee wetu ni kikao cha wazee wetu.